Shajara ya mradi: Rust ndani ya kerneli yetu, kuanzia na kisomaji cha GPT

Siku ya 1

Leo tumekubaliana jambo moja tu: hatubishani tena kwa maneno matupu. Miezi yote hii hoja imekuwa ileile. Mfumo wetu endeshi umeandikwa kwa lugha ya C tangu mstari wa kwanza. Je, turuhusu Rust, lugha mpya zaidi inayozuia makosa mengi ya kumbukumbu, iingie? Kila mmoja ana jibu lake tayari, na karibu kila jibu limeegemea yaliyowapata watu wa miradi mingine. Nimeomba nipewe kipande kimoja cha kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia mashine yote, nikiandike upya kwa Rust kwenye tawi la pembeni, na kila kitakachonikwamisha nikiandike humu. Nimepewa wiki 2.

Nimechagua msimbo unaosoma jedwali la GPT, yaani ile ramani ya mwanzoni mwa diski inayoueleza mfumo kila sehemu ya diski inaanzia wapi na kuishia wapi. Ni kipande kifupi na kinajitegemea. Zaidi ya hayo, kinasoma data ambayo hatukuiandika sisi. Mtu akichomeka flashi, kerneli huanza kumeza baiti za mgeni kabla mtumiaji hajabonyeza chochote, na kerneli ikikosea hakuna aliye juu yake wa kuikamata.

Mzee anayetunza upande wa diski ndiye aliyeuandika msimbo wa sasa. Nilipomweleza nia yangu alinijibu kwa upole: "Jaribu, mwanangu. Ila usiniletee kitu ambacho kikiharibika usiku na wewe haupo, nitashindwa kukisoma." Nimeinakili kauli hiyo juu kabisa ya faili langu la maelezo.

Siku ya 2

Kabla ya kuandika chochote nimeusoma msimbo wa C mstari kwa mstari, kalamu mkononi.

Kichwa cha GPT kinakaa kwenye kizio (kipande kidogo kinachosomwa kwa pamoja) namba 1 cha diski, kizio namba 0 kikiwa kimeachiwa MBR, jedwali la mtindo wa zamani. Kinaanza na herufi 8, "EFI PART". Mbele kidogo kinataja urefu wake chenyewe, kwa kawaida baiti 92, kisha idadi ya maingizo na ukubwa wa kila ingizo. Diski nyingi zina maingizo 128 ya baiti 128 kila moja, jumla baiti 16,384. Msimbo wetu unazisoma namba hizo mbili, unazizidisha, unaomba kumbukumbu ya ukubwa huo, kisha unanakili ingizo moja baada ya jingine kutoka kwenye diski.

Hesabu hiyo inafanywa kwa biti 32. Diski iliyotengenezwa kwa hila ikidai kuwa na maingizo 33,554,433 ya baiti 128, jibu la kweli ni 4,294,967,424, namba isiyoenea kwenye biti 32. Inayozidi inadondoka kimya kimya na linalobaki ni 128. Kerneli inaomba baiti 128, inapewa, halafu inaanza kunakili maingizo milioni 33 ndani ya chumba cha ingizo moja. Ingizo la pili tu tayari limeshavuka ukuta na kuandika juu ya kumbukumbu isiyo yake.

Ukaguzi wa CRC32, namba ya kuhakiki kwamba data haijaharibika, upo, lakini hausaidii hapa. CRC hukamata diski iliyochoka. Mtu aliyetengeneza kichwa cha uongo atakihesabia pia CRC iliyo sahihi.

Ninachotaka kisomwe vizuri na kila atakayepitia shajara hii ni kwamba aliyeandika mstari ule hakuwa mzembe. Umepitiwa na watu makini kwa miaka, na mimi nimewahi kurekebisha faili lilelile bila kuliona shimo hilo. Microsoft walieleza mwaka 2019 kwamba takriban 70% ya mianya ya usalama wanayoiziba kila mwaka inatokana na makosa ya kumbukumbu, na mwaka 2020 watu wa Chromium, msingi wa kivinjari cha Chrome, wakakuta kiwango hichohicho kwenye makosa yao mazito. Hao ni watu wenye zana, wakaguzi na mishahara. Miaka yote tumekuwa tukiambiana "kuwa mwangalifu zaidi", na uangalifu huo ndio huu uliotufikisha hapa.

Kiraka cha C nimekituma usiku huuhuu, mistari 4. Sikutaka shimo libaki wazi eti ili hoja yangu ipate nguvu.

Siku ya 4

Toleo la Rust limeanza kusoma diski halisi.

Kwanza nilitaka kunakili mtindo wetu wa C, wa kuziangalia baiti za diski moja kwa moja kana kwamba ni muundo uliopo tayari kwenye kumbukumbu. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ilikataa nisishike rejeleo la sehemu isiyokaa kwenye mpaka wake sahihi. Nikaudhika, kisha nikakumbuka kwamba tuna prosesa ambazo hapo zingeanguka kweli. Nimeishia kusoma kila namba kwa kutaja mpangilio wake wa baiti, kwa sababu GPT huandika baiti ndogo kwanza na mashine zetu mbili huandika kinyume. Kwa C mtu husahau kugeuza na hakuna anayemwambia. Hapa siwezi kuipata namba bila kuchagua.

Kuhusu lile zidisho, lazima niseme ukweli wote, maana wapenzi wa Rust hupenda kuruka hapa. Rust ikijengwa kwa matumizi ya kawaida nayo huiacha namba izunguke kimya kimya kama C, mpaka uwashe ukaguzi wa hesabu. Kosa lilelile ningeweza kulifanya. Tofauti inakuja hatua inayofuata: kuandika nje ya bafa, yaani nafasi ya kumbukumbu iliyotengwa, kungezuiwa, kwa sababu kila bafa inajua urefu wake. Nimetumia zidisho linalorudisha "hakuna jibu" pale namba isipoenea, na kompaila hainiruhusu kuendelea mpaka niseme nitafanya nini jibu lisipokuwepo.

Lakini kuzuiwa nako kuna bei yake. Ukigusa nafasi ya 5 kwenye safu yenye nafasi 4, Rust husimamisha programu papo hapo. Kwenye programu ya kawaida hilo ni sawa kabisa. Ndani ya kerneli, kusimama ni kuangusha mashine nzima pamoja na kazi za watu zote. Ni afadhali kuliko kuandika juu ya kumbukumbu ya wengine, ila mtu mwenye flashi mbovu bado anaweza kuizima seva. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: ndani ya msimbo huu hakuna kugusa safu kwa namba tupu. Kila nafasi inaombwa, na jibu linaweza kuwa "haipo".

Suala la kumbukumbu iliyoisha ni ndugu wa hilo. Vyombo vya kawaida vya Rust huchukulia kwamba ukiomba kumbukumbu utapewa, na ukikosa programu inakufa. Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, alilikataa jambo hilo waziwazi mwaka 2021 viraka vya kwanza vilipowasilishwa kwa Linux, na alikuwa na haki. Wenzetu wa Linux wameishia kutengeneza vyombo vyao wenyewe ambavyo kila ombi la kumbukumbu linaweza kujibiwa "hapana". Nasi tutahitaji vya namna hiyo. Nimeandika viwili vidogo kwa ajili ya jaribio hili tu.

Siku ya 5

Nimefika mpakani, na hapa ndipo kazi ilipo hasa.

Msimbo wangu hauishi peke yake. Unaita kazi za C za kusoma diski, kuomba kumbukumbu, kushika kufuli linalozuia kazi mbili kugusa data moja kwa wakati mmoja. Kuna zana inayosoma mafaili ya vichwa vya C na kuyazalishia matamko ya Rust, na inafanya kazi vizuri mpaka ikutane na makro zetu. Makro za C si kazi; ni maandishi yanayobadilishwa kabla kompaila haijaanza kufikiri. Zile kazi fupi zinazopachikwa ndani ya vichwa nazo hazina anwani ya kuitwa kutoka nje. Kwa kila moja nimelazimika kuandika kazi ndogo ya C inayoifunika, ili Rust iwe na kitu cha kuita. Ninazo 11 tayari, kwa faili moja tu.

Kila mwito unaovuka mpaka unafungwa ndani ya bloku ya `unsafe`, ambayo maana yake ni: hapa kompaila imenyamaza, mwandishi ndiye mdhamini. Juu ya kila bloku nimeandika kwa nini ni salama. Bloku ya tatu ikanishinda. Kazi ya kusoma diski inarudisha bafa. Nani anaiachia? Mimi au tabaka la diski? Na diski ikichomolewa katikati, je?

Vichwa vya C havisemi. Maoni ya juu ya kazi yanasema "soma vizio kutoka diski", basi. Nimewatazama wanaoiita, nikakuta 2 wanaiachia bafa wenyewe na 1 haiachii. Nimempigia Mzee.

"Ukiisoma kwa kusubiri, ni yako, uiachie," akasema. "Ukiisoma bila kusubiri, ni ya tabaka la diski mpaka mwito wa marejeo uishe."

"Imeandikwa wapi, Mzee?"

Akanyamaza kidogo. "Imeandikwa kwangu."

Tumezungumza karibu saa nzima baada ya hapo, na ni mazungumzo bora kabisa tuliyowahi kuwa nayo kuhusu msimbo ule. Yule mwitaji asiyeiachia bafa alikuwa na kosa la kweli: kumbukumbu imekuwa ikivuja kidogo kila diski inapochomolewa. Mzee ameandika kiraka chake mwenyewe, na ameongeza aya ya maelezo kwenye kichwa cha C.

Nimebaki nikilifikiria hilo jioni yote. Rust hailijui jibu la "ya nani hii?" ila inakataa kuendelea mpaka mtu alitoe. Kwenye C jibu hukaa kichwani mwa mtunzaji, na mtunzaji akiondoka linaondoka naye. Kufuli ni hivyohivyo: kwa C, kufuli na data inayolindwa ni vitu viwili, na kinachoviunganisha ni maoni yanayosema "shika kufuli kwanza". Kwa Rust data inakaa ndani ya kufuli, na njia pekee ya kuifikia ni kulishika.

Siku ya 6

Nimelisha matoleo yote mawili vichwa vya GPT vilivyoharibiwa ovyo, usiku kucha. La Rust halikuanguka. La C, likiwa na kiraka cha siku ya 2, nalo halikuanguka.

Siku ya 8

Leo ni zamu ya pingamizi zenye uzito kuliko zote, na nimezitafuta kwa makusudi kutoka kwa wasiotaka Rust.

Kompaila ya Rust imeandikwa kwa Rust. Toleo jipya hutoka kila wiki 6, na kulijenga unahitaji toleo lililotangulia. Mfumo wetu una ahadi ya zamani kwamba mtu akiwa na chanzo chake anaweza kuujenga wote kutoka ndani yake wenyewe. Ahadi hiyo si pambo; ndiyo inayomwezesha mtu kukagua anachokiendesha. Tukiiingiza Rust, ama tubebe kompaila yake na LLVM, mtambo unaoizalishia msimbo wa mashine, ndani ya mti wetu, ama tukubali kwamba kuna zana ya lazima inayotoka nje. Watu wa FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, ambao tayari wana LLVM kwenye mfumo wao wa msingi tangu walipohamia clang, kompaila ya C ya LLVM, walipoijadili Rust mwaka 2024 walikumbana na swali hilohilo la muda wa kujenga na nani atakayeibeba zana. Nao wana kumbukumbu ya lugha ya Perl, waliyokuwa nayo kwenye mfumo wa msingi kisha wakaitoa kabla ya toleo la 5.0. Ndugu zao wa mfumo wa OpenBSD wana sharti kali zaidi: mfumo ujijenge kwenye kila mashine wanayoihudumia, na mwaka 2017 kiongozi wao Theo de Raadt alieleza kwamba Rust haikuweza kujijenga kwenye i386, prosesa za biti 32, kwa kuishiwa nafasi ya anwani za kumbukumbu.

Halafu kuna prosesa za zamani. LLVM haina upande wa kuzalisha msimbo wa HPPA, prosesa za zamani za HP, na sisi bado tunaihudumia. Ilipotangazwa mwishoni mwa 2025 kwamba APT, zana ya Debian ya kusakinisha programu, itaanza kudai Rust, si kabla ya Mei 2026, prosesa za Alpha, HPPA, m68k na SH4 ndizo zilizobaki na wasiwasi. Mwaka 2021 maktaba ya cryptography ya Python ilipoanza kutumia Rust, watu wengi waligundua siku hiyohiyo kwamba mashine zao hazijengi tena.

Anayetunza upande wetu wa HPPA aliniuliza swali moja tu: "Kaka, mashine yangu itawaka au haitawaka?" Jibu langu ni kwamba lazima iwake. Mtu aliyetunza kitu kwa miaka bila malipo hafukuzwi kwa kiraka. Kwa bahati kwenye HPPA hatujengi GPT kabisa, kwa hiyo kipande hiki hakimgusi. Kipande kingine kingeweza kumgusa.

Siku ya 9

Nimejenga kerneli nzima pamoja na Rust kwenye kompyuta yangu ya zamani. Inachelewa, na inachelewa kiasi cha kuudhi. Nimeliandika ili asitokee wa kusema nimelificha.

Siku ya 11

Kikao kirefu. Kijana mmoja mwenye ari alisimama na pendekezo la kuandika kerneli yote upya. Nimelipinga, na wengine walishangaa kuona pingamizi linatoka kwangu.

Hoja yangu ni Android. Mwaka 2019 makosa ya kumbukumbu yalikuwa 76% ya mianya yao ya usalama. Mwaka 2024 yalikuwa 24%. Hawakuandika upya msimbo wao wa zamani. Walianza tu kuandika msimbo mpya kwa lugha salama, wakauacha wa zamani uzeeke, kwa sababu mianya mingi hukaa kwenye msimbo mchanga na hupungua kadiri unavyokomaa. Tukiufuta msimbo wa Mzee uliokomaa miaka mingi na kuweka wangu wa wiki 2, tunabadilisha makosa tunayoyajua kwa tusiyoyajua. Mfumo ulioanza kwa Rust tangu mwanzo upo tayari, Redox, tangu 2015, na anayeutaka ataukuta huko.

Akauliza kama basi hatuamini kwamba Rust ni salama. Nikamweleza ya Desemba 2025. Mwezi huo watunzaji wa kerneli ya Linux walikubaliana huko Tokyo kwamba Rust si jaribio tena, miaka 3 baada ya kuingia na toleo la 6.1. Mwezi uleule ukasajiliwa mwanya wa kwanza wa usalama ndani ya msimbo wa Rust wa kerneli hiyo. Ulikuwa kwenye Binder, sehemu inayopitisha ujumbe kati ya programu za Android, kwenye orodha iliyoguswa na nyuzi mbili (mikondo miwili ya kazi) kwa wakati mmoja, ukivunja sharti la bloku ya `unsafe`. Matokeo yake ni mfumo kuanguka. Kwangu habari hiyo inathibitisha mambo mawili kwa pamoja: lugha haimalizi makosa, na kosa lilivunja sharti lilelile ambalo mwandishi alikuwa ameliwekea alama kwamba hapa mnitazame.

Kilichochukua muda mwingi zaidi hakikuwa teknolojia. Mtunzaji wa upande wa mtandao alisema: "Nikibadilisha kazi ya C leo, narekebisha wanaoiita wote. Kesho nusu yao wakiwa wa Rust, nani atarekebisha?" Swali hilo limewaumiza Linux. Mwaka 2024 mmoja wa watunzaji wa Rust alijiuzulu akitaja uchovu wa mabishano yasiyo ya kiufundi, na mapema 2025 ugomvi juu ya tabaka la DMA, njia ya vifaa kufikia kumbukumbu moja kwa moja, ukamwondoa mtunzaji wa upande wa kompyuta za Apple zenye prosesa za ARM. Torvalds alieleza mwishowe kwamba hakuna anayelazimishwa kugusa Rust, lakini asiyetaka kuigusa hana pia mamlaka ya kuwaamulia wanaoitumia. Kwa mradi mkubwa kama ule, inawezekana. Sisi watunzaji hai hatufiki 20. Hatuna watu wa kugawana kambi mbili, na sitaki mtu yeyote kati yetu aondoke kwa uchovu wa namna hiyo.

Siku ya 13

Makubaliano, kama nilivyoyaandika na kusomewa wote. Rust inaruhusiwa kwa draiva mpya na kwa vipande vinavyosoma data ya mgeni, kwa sharti kwamba hakuna prosesa inayohudumiwa itakayoshindwa kuwaka kwa sababu hiyo. Kila tabaka la mpakani liwe na watunzaji 2, mmoja awe ni yule anayetunza upande wa C na awe ameridhia mwenyewe. Anayebadilisha C na kuvunja Rust halazimiki kuirekebisha peke yake. Mtunzaji wa Rust ana siku 7, zikipita kipande kinazimwa mpaka kirekebishwe. Sharti hilo la mwisho ni kali kwetu tunaoipenda Rust. Nimelipigia kura ya ndiyo. Baada ya mwaka tunakaa tena.

Msimbo wa GPT unaingia kwenye tawi kuu ukiwa umezimwa, na wa C unabaki kuwa ndio unaotumika.

Siku ya 14

Asubuhi nimekuta maoni ya Mzee kwenye kiraka changu. Ameyaandika usiku wa manane, bila kuniuliza neno lolote la Rust.

Amegusa sehemu tatu. Mbili ni za majina, anataka yafanane na ya upande wa C, na nimekubali. Ya tatu ni hii: kichwa cha GPT kina nakala yake kwenye kizio cha mwisho cha diski, kwa ajili ya siku ambayo cha mwanzoni kimeharibika. Msimbo wake wa C huitafuta nakala hiyo. Wangu, kichwa cha kwanza kikiwa kibovu, unarudisha kosa na kuondoka. Majaribio yangu ya usiku kucha yalihesabu kuwa huo ni ushindi, maana haukuanguka.

Ameweka na mstari ambao ungetakiwa kuongezwa. Haujengi, umekosa alama moja ambayo Rust huitumia kuonyesha data imeazimwa, lakini umekaa mahali panapotakiwa. Nimeirekebisha alama, na jioni hii naandika jaribio la diski yenye kichwa cha kwanza kilichofutwa. Nimemwomba awe mtunzaji wa pili wa faili hili. Amesema nimpelekee kwanza jaribio hilo likiwa limepita.